Mtoto aliyekimbia vita akifika skuli kwetu: asome kwa lugha gani?

Suali hili huja na mtu mzima aliyesimama mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, amemshika mtoto mkono. Aghalabu si mzazi. Ni mjomba, au mama mdogo, au jirani aliyeombwa msaada. Ana barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, na akiwa na bahati ana karatasi ya skuli aliyotoka mtoto, imeandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiarabu. Tunamkaribisha, tunampa kiti, kisha tunatazamana. Kwao mtoto alifika darasa la tano. Kwetu akae la ngapi, na asome kwa lugha gani?

Nimefundisha skuli za msingi Pemba kwa miaka 14 na nimepokea watoto wanne wa namna hii: ndugu wawili wa Uvira, mashariki ya Kongo, msichana wa Omdurman, Sudan, na mtoto mmoja wa Kirundi aliyeletwa na mume wa shangazi yake. Kila mara tulichagua kwa kubahatisha, na mara mbili tulikosea. Nayaandika haya kwa ajili ya jamaa na walimu watakaosimama pale mlangoni baada yetu, ili wachague wakijua wanachokichagua.

Zanzibar haina kambi ya wakimbizi. Kambi zilizojulikana Tanzania zilikuwa Kigoma: Nyarugusu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta na Mtendeli zilizopokea Warundi baada ya machafuko ya 2015. Visiwani watoto wa vita hufika mmoja mmoja, kwa udugu, kwa ndoa, kwa biashara. Habari za vibali ni za Uhamiaji na sitaziingia, maana hizo ni za Muungano. Elimu ya skuli si ya Muungano. Ina Wizara yake hapa, na sera yake. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataka mtoto mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mtoto wa nchi. Hausemi kwa lugha gani. Hapo ndipo kazi ilipoachwa kwetu.

Njia ni nne. Ya kwanza, asome kwa lugha na mtaala wa kwao, kama walivyofanya kambini Kigoma, ambako Wakongo walisoma mtaala wa Kongo na Warundi mtaala wa Burundi. Ya pili, aingie skuli ya serikali asome kwa Kiswahili na wenzake. Ya tatu, apelekwe skuli binafsi ya Kiingereza. Ya nne, aingie skuli ya serikali lakini kwa miezi ya mwanzo apewe saa zake za pembeni, lugha yake ikitumika kama mtumbwi wa kumvusha. Nasema mapema kwamba naitetea hii ya nne. Lakini haimfai kila mtoto, na kuna mmoja ambaye ningempeleka njia ya kwanza bila kusita.

Wiki ya kwanza

Nianze na kosa langu. Msichana wa Omdurman alikuwa na miaka 11. Vita vya Sudan vilianza Aprili 2023; yeye alifika kwetu mwaka uliofuata, maana upande wa mama yake wana watu Wete. Siku ya tatu niliandika ubaoni 25 × 2. Wenzake wakainama wakaandika. Naye akaandika, ila alianzia kulia mwa ukurasa akaelekea kushoto, na mahali pa jibu akaweka kiduara kidogo na nukta. Nikaona sifuri na kitone. Nikatia alama ya kosa, nikaenda dawati la pili. Mwenzake aliyekaa naye, mtoto wa kwetu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo ni tano ya msahafu."

Nikarudi kutazama. Tarakimu wanazosomea watoto wa Sudan ni zile zile zinazohesabu aya katika misahafu yetu mingi: tano ni kiduara, sifuri ni nukta, saba ni kama pembe iliyofunguka juu, nane imefunguka chini, na sita ukiitazama kwa haraka utasema ni saba yetu. Alikuwa ameandika hamsini. Hesabu aliijua. Aliyekuwa hajui kusoma pale ni mimi. Lile kosa nililifuta, lakini alikwisha liona, na kwa siku kadhaa hakunyoosha mkono tena.

Kwa wiki ya kwanza, basi, njia ya lugha ya kwao haina mpinzani. Mtoto aliyetoka kwenye mizinga anakaa mbele ya mwalimu anayemwelewa, daftari lake linasomeka, na analolijua linahesabiwa kuwa analijua. Hilo si jambo dogo. Watu wanaoilaumu Kigoma kwa kufundisha Kifaransa katikati ya nchi ya Kiswahili wasilisahau.

Kiswahili cha moja kwa moja, wiki hiyo ya kwanza, kinategemea mtoto katoka wapi. Mrundi hujisikia nusu nyumbani, kwa sababu Kirundi ni ndugu wa damu: *abantu* ni watu, *inyama* ni nyama, *amaso* ni macho, *umwana* ni mwana. Sikio lake linazijua ngeli kabla ulimi haujazitamka. Mtoto wa Kisudani hana hilo, ingawa hukuta maneno ya kwao yamekaa ndani ya Kiswahili chetu: kitabu, kalamu, daftari, darasa. Tuliyaandika yote hayo kwenye karatasi moja siku ya kwanza na alitabasamu, mara ya kwanza tangu afike.

Wenye hatari kubwa ni wale tunaodhani hawana tabu kabisa, nao ni Wakongo wa mashariki. Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa za Kongo, na wale ndugu wa Uvira walikuja wanakisema. Tukafurahi, tukawaingiza darasani, tukajua kazi imekwisha. Lakini Kiswahili chao ni cha *batoto* na cha *niko nasoma*, na darasa lilicheka. Zaidi ya kicheko, hesabu walikuwa wameijifunza kwa Kifaransa. Mdogo niliposema "gawanya" alinitazama tu. Nilipoandika alama yenyewe, 84 ÷ 7, akaandika 84 kushoto, akachora mstari wa wima, akaandika 7 kulia kwake, na chini ya 7 akaweka 12. Ndivyo Wafaransa wanavyogawanya, na jibu ni sahihi. Mwalimu mwenzangu alimwambia afute aanze upya kwa mtindo wetu. Vile vile watu wa mtaala wa Kifaransa huandika 3,5 kwa mkato mahali ambapo sisi tunatia nukta. Mtoto anapokatwa alama kwa mkato mmoja, hujifunza kwamba kila alichokibeba kutoka kwao ni kosa.

Kuhusu kicheko nina neno. Sisi Wapemba tunajua kuchekwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kipemba kilibaki nje na vyenginevyo vyote, na mpaka leo kijana wetu akishuka bandarini Unguja mjini, lafudhi yake humtangulia. Mwalimu wa Pemba anayeliacha darasa limcheke mtoto wa Uvira amesahau alikotoka. Mimi nilisimamisha somo, nikaandika ubaoni *batoto* na watoto, nikawauliza wanangu tofauti ni herufi ngapi. Moja. Kicheko kiliisha kwa siku ile, kikarudi kesho yake, nikarudia.

Skuli ya Kiingereza wiki ya kwanza ni ukimya mtupu, isipokuwa kwa mtoto aliyesoma Kiingereza tangu mwanzo, kama walivyo baadhi ya waliotokea Uganda au Kenya. Mtoto yule wa Kirundi alipelekwa huko na mume wa shangazi yake kwa moyo safi kabisa, akiamini anampa mkuki wa kupigania maisha. Mtoto alikuwa na Kirundi, Kifaransa kidogo, na Kiswahili kilichoanza kuchipua kwa sababu ya rafiki wa mtaani. Akaongezewa lugha ambayo hapati kuisikia popote, si nyumbani, si dukani, si chuoni kunakosomwa Kurani. Aliweza kuimba nyimbo za darasa bila kujua zinasema nini. Baada ya mwaka alihamishiwa kwetu, na mwaka huo haukurudi.

Barazani na ubaoni

Miezi ikisonga, mizani inageuka, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika.

Msichana wa Omdurman alifika karibu na msimu wa karafuu. Jioni, mtaa mzima ulikaa juu ya majamvi kuchambua, naye akakaa na wanawake na watoto wenzake. Karafuu huku, makonyo, yale matawi madogo yaliyoishika, kule. Vidole vikifanya kazi, mdomo unapata nafasi. Alijifunza "konyo" kabla ya "jumlisha". Alijifunza kuuliza mvua itanyesha au haitanyesha, nani kaolewa, bei ya pishi imefika ngapi. Miezi minane baadaye angeweza kugombana kwa Kiswahili na kushinda. Walimu wakasema, huyu sasa amekuwa Mpemba, hana haja ya kusaidiwa.

Kisha ukaja mtihani wa hesabu wenye suali la kigawe kidogo cha shirika. Neno hilo hata mtoto aliyezaliwa Chake Chake humtoa jasho. Hakuna anayelisikia kwenye jamvi la karafuu. Aliiacha nafasi tupu, na hesabu yenyewe, nilipomwonesha kwa namba bila maneno, aliikamilisha hapo hapo.

Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, amekuwa akilieleza jambo hili tangu miaka ya 1970. Mtoto huzipata lugha mbili ndani ya lugha moja. Ile ya mazungumzo huipata kwa kiasi cha miaka 2. Ile ya masomo, ya kueleza sababu, kulinganisha na kuthibitisha, huchukua miaka 5 hadi 7. Barazani amekwisha fika, ubaoni bado yuko njiani, na sisi tunamhukumu wa ubaoni kwa ulimi wa barazani.

Hili nililijua mwilini kabla sijalisoma. Januari 2001, baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji wa upinzani Pemba, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, na wengi wao baadaye walihamishiwa kambi ya Dadaab. Familia yangu ilivuka pia, ila sisi tulikuwa na jamaa upande wa Kwale na tukafikia kwao. Nilikuwa na miaka 10. Nilikaa kama mgeni katika skuli moja ya huko kwa muda. Uwanjani nilikuwa mtu kamili, kwa sababu watoto wa Pwani na sisi tunaelewana bila shida. Darasani masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Siku ya jaribio la sayansi tulipewa mchoro wa mmea wenye mistari ya kujaza majina. Mzizi naujua, shina nalijua, jani nalijua, ua nalijua, nimekulia shamba. Nikaandika yote kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri. Karatasi ilirudi na sifuri. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alifuata kanuni. Mimi nilirudi kwa shangazi nikasema sijui sayansi, na kwa miaka kadhaa niliamini hivyo.

Kwa hiyo ninapolinganisha Kiswahili na Kiingereza kwa mtoto mgeni, silinganishi thamani ya lugha. Nalinganisha idadi ya saa kwa siku ambazo mtoto ataisikia lugha hiyo ikiwa na maana. Pemba, Kiswahili atakisikia tangu adhana ya alfajiri mpaka mlango ufungwe. Kiingereza atakisikia darasani, kwa mwalimu ambaye naye mara nyingi anakihangaikia.

Ila njia ya Kiswahili ina shimo katikati, na mwenye kuichagua alijue. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto anayeingia la pili au la tatu ana muda wa kushika Kiswahili kabla ya hapo. Anayeingia la tano anakutana na lugha mbili ngeni kwa mpigo: Kiswahili cha historia, Kiingereza cha sayansi. Kabla ya kumwandikisha, muulize mwalimu mkuu skuli yake inafundisha nini kwa lugha gani katika darasa hilo hasa, na uombe kukaa nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja usikilize. Kilichoandikwa na kinachosemwa darasani havifanani kila siku. Walimu wengi hueleza kwa Kiswahili kisha huandika kwa Kiingereza, na kwa mtoto mgeni mchanganyiko huo unaweza kuwa nafuu au msitu, kutegemea mwalimu.

Na ile njia ya kwanza, ya lugha ya kwao, mwaka wa tatu inaonekanaje? Kambini iliendelea kusimama, kwa sababu kulikuwa na walimu wa kwao na wenzake wa kwao. Kisiwani inachakaa. Pemba hakuna skuli ya mtaala wa Kongo. Kitakachobaki ni vitabu vichache, mjomba mwenye nafasi siku ya Jumapili, na masomo ya kwenye simu yanayokatika. Mtoto anakaa ndani wakati wenzake wanapita na mikoba. Nimewaona jamaa wawili waliojaribu, wakaacha ndani ya muhula mmoja.

Kwa mtoto wa Kiarabu kuna nafuu ambayo hana Mkongo. Kiarabu ni somo katika skuli zetu, na chuoni kina heshima. Msichana wetu asubuhi alikuwa mwanafunzi wa nyuma, mchana chuoni alikuwa wa kwanza, akisoma na kuelewa maana mahali ambapo wenzake walikuwa wanasoma kwa kuhifadhi. Ustadh alimpa kuwasikiliza wadogo. Sina shaka kwamba ile saa moja na nusu ya kila siku ndiyo iliyomrudisha kunyoosha mkono darasani kwangu. Mtoto wa Uvira hakuwa na mahali popote kisiwani ambapo Kifaransa chake kilimpa kiti cha mbele.

Akirudi kwao, na asiporudi

Jamaa wengi huanza na hesabu hii: tutakaa muda gani? Tukirudi, lugha ya huku itamfaa nini? Tanzania yenyewe imejaribu majibu yote mawili, na kwa watu wa nchi moja.

Warundi waliokimbia 1972 waliwekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Miaka ikawa mingi, na zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia. Kwao Kiswahili kilikuwa ndiyo nyumba yenyewe. Lakini maelfu wengine walirudi Burundi mwishoni mwa muongo wa 2000, na watoto wao, waliozaliwa na kusomea Tanzania, walikuta skuli za Kirundi na Kifaransa. Waliitwa wa nyumbani, na darasani wakawa wageni.

Waliokuja miaka ya 1990 na baada ya 2015 wakafundishwa kinyume chake, mtaala wa kwao, kwa kutazamia kurudi. Anayerudi anakuta njia yake iko wazi. Asiyerudi anakuwa kijana wa miaka 20 mwenye Kifaransa kizuri katika nchi isiyokiuliza. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liligeukia kupendekeza watoto waingizwe katika mifumo ya nchi waliyofikia, kwa sababu ukimbizi siku hizi huchukua miaka mingi kuliko utoto. Kenya na Uganda zilikuwa zikifanya hivyo.

Kwa nini basi nasema usianze na suali la kurudi? Kwa sababu hakuna mjomba anayelijua jibu lake. Sisi tulipovuka 2001, mama alifunga mizigo ya wiki mbili. Muafaka wa CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba mwaka ule, na wengi tukarudi. Wapo Wapemba waliovuka vizazi vilivyotangulia kufuata uvuvi, wakakaa Kwale na Kilifi, wakasomesha watoto huko bila hati yoyote mpaka Kenya ilipowatambua 2023. Watoto wale lugha ya skuli waliipata. Walichokosa ni karatasi. Mwenye mtoto mgeni ashughulikie cheti cha kuzaliwa na barua zake kwa bidii ile ile anayoishughulikia lugha.

Na lugha ya kwao haifi kwa sababu mtoto amesomea nyingine. Tunao mfano mkubwa ng'ambo ya bahari. Familia za Unguja na Pemba zilizokwenda Oman baada ya 1964 zilisomesha watoto kwa Kiarabu. Nenda Muscat leo utakuta wajukuu wanaopika mandazi na kusimulia kwa Kiswahili. Kilibaki kwa sababu bibi hakukubali kujibiwa kwa lugha nyingine jikoni. Zipo nyumba ambazo kilipotea pia, na ukiuliza utaambiwa kwamba wazee walidhani wanawasaidia watoto kwa kuwanyamazia.

Fedha na walimu

Hapa sina mengi. Skuli ya serikali ndiyo nafuu, ingawa sare, madaftari na tuisheni vinagharimu. Skuli binafsi ina ada kila muhula, na mtoto akitolewa katikati kwa kukosa ada amepoteza mara mbili. Mtaala wa kwao hauna ada lakini unahitaji mtu mzima mwenye elimu na saa za bure, jambo ambalo ni ghali kuliko ada. Saa za kuvushwa zinahitaji mwalimu mmoja mwenye moyo, na mwalimu huyo ana wanafunzi wengine darasani wanaomsubiri. Bila mwalimu mkuu kumpunguzia vipindi viwili kwa wiki, mpango unakufa kabla ya mwezi. Nimeona ukifa.

Ningemweka wapi

Mtoto wa miaka 5 hadi 8: Kiswahili, skuli ya serikali, na rika lake. Msiwe na hofu. Nyumbani msemeshe lugha ya kwao, na mfundishe kuisoma na kuiandika, hata kwa robo saa. UNESCO tangu 1953 imeshikilia kwamba mtoto huanza vizuri zaidi kwa lugha anayoielewa. Kama skuli haiwezi kumpa hilo, nyumba inaweza kumpa sehemu yake.

Wa miaka 9 hadi 12: Kiswahili kwa saa za kuvushwa, na asishushwe zaidi ya darasa moja chini ya umri wake. Msichana wa Omdurman tulimpa vipindi viwili kwa wiki na daftari moja lenye safu tatu: neno la Kiarabu, la Kiswahili, na kuanzia darasa la tano, la Kiingereza. Hatukuyapanga kwa herufi. Tuliyapanga kwa kazi: maneno ya kujumlisha pamoja, ya mmea pamoja, ya kupima pamoja. Hesabu alikubaliwa kuziandika kwa tarakimu zake kwa muhula mzima, mimi nikawa na karatasi ya kunisaidia kuzisoma. Muhula wa pili alianza kubadilisha mwenyewe bila kuambiwa. Sasa yuko la sita. Kwenye ukingo wa ukurasa bado anakokotoa kwa vile viduara vyake, kisha anaandika jibu kwa tarakimu zetu.

Kiingereza ningekichagua kwa mtoto aliyekwisha kisomea kwao miaka miwili au mitatu, na kwa huyo tu. Akitoka kwenye Kiingereza akawekwa kwenye Kiswahili cha darasa la sita, tunamfanyia lile lile tunalowalaumu wengine.

Anayebaki ni kijana wa miaka 14 na kuendelea, na huyu ndiye tuliyemkosea zaidi. Kaka mkubwa wa Uvira alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza msingi kwao. Tulimweka darasa la tatu pamoja na mdogo wake, tukisema ni kwa ajili ya lugha. Magoti hayakuingia chini ya dawati. Alikuwa anajua sehemu na desimali, na tukampa kusoma silabi. Muhula wa pili hakurudi. Alikwenda kuvuta nyavu. Mtoto kama yule, aliyekaribia mtihani wa kwao, ningefanya kila linalowezekana aumalize mtaala wake: kuulizia jamaa walioko Kigoma au Kongo, kutafuta mtu wa kumsomesha kwa Kifaransa, na huku akijifunza Kiswahili cha kuandika jioni na watu wa rika lake. Kama hilo halipatikani, basi darasa la umri wake, akae hata kama miezi ya mwanzo haelewi nusu, na apewe mwenzake wa kukaa naye anayeweza kueleza.

Na karatasi ya skuli ya kwao, ya mtoto yeyote, itolewe kopi siku ile ile anapofika; moja ibaki faili la skuli, moja kwa mlezi. Mwaka jana mjomba wa yule kijana alinipigia simu. Kijana ana miaka 19 sasa, anataka kurudi kusoma, na walikompeleka wanaulizia alifika darasa la ngapi. Ya kwao ilipotea walipohama nyumba. Yetu ilikuwa bado kwenye faili, mhuri wa Uvira unasomeka. Nilimtumia picha yake kabla ya adhuhuri.